Ramani ya kale ya mabaharia haigandishwi kwenye tripleksi

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu ya fremu hapa Bukavu hutuletea ramani ya kale ya mabaharia ambayo tayari imegandishwa kwa gundi ya mbao juu ya tripleksi, yaani ubao wa matabaka membamba, wakituomba tuibandue. Kwa kawaida tunakuwa tumechelewa. Gundi imeshanyonywa na karatasi, na asidi inayotoka katika ubao imeigeuza karatasi kuwa ya kahawia, kavu kiasi cha kukatika pembeni ukiikunja kidogo tu.

Kabla ya kuhuzunika, hata hivyo, tunaitazama kwa lenzi. Mistari ikionekana kama vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, na mwenyewe anaweza kuigandisha apendavyo. Ramani iliyochapwa kwa bamba la shaba ina mistari mizima ambayo kidole huihisi imeinuka kidogo, na mara nyingi ukingo wa bamba umeacha alama ya kubonyea kuizunguka picha. Namba zilizotawanyika majini ni vina vilivyopimwa kwa bildi, yaani kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kambani, na katika ramani za Uingereza vilihesabiwa kwa pima, takriban mita 1.83 kila moja, hadi mita zilipoanza kuchukua nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisi tunaipenda zaidi ile ya mlango wa mto Kongo, kati ya mji wa Banana na bahari, ambapo namba ndogo za kando huruka ghafla kuwa kubwa mno, kwa kuwa korongo la chini ya bahari linaanzia ndani ya mto wenyewe.

Ramani ya namna hiyo tunaishikiza kwa vipande viwili tu vya karatasi nyembamba, upande wa juu, kwa uji mzito wa wanga wa ngano ambao maji huulainisha siku yoyote mtu akitaka kuitoa. Nyuma yake tunaweka kadibodi isiyo na asidi, na mbele yake paspatu, yaani kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ili kioo kisiguse karatasi. Kikigusa, unyevu hunaswa katikati na ukungu huota. Kuifunika kwa plastiki ya moto hatukubali, hata mteja akisisitiza.

Nyumbani, usiitundike mahali jua la asubuhi linapopiga, kwa maana rangi iliyopakwa kwa mkono hufifia na hairudi tena. Ukuta wa nje nao, hasa katika nyumba zilizo karibu na ziwa, hutoa jasho msimu wote wa mvua. Ndiyo sababu kila fremu yetu hutoka na vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, vilivyobandikwa nyuma, kwenye pembe za chini, ili hewa ipite kati yake na ukuta.