Alizeti yako imechanganywa na mawese? Tunavyoipima

Mama mmoja mwenye kibanda cha chipsi hapa Nyakato, Mwanza, alitua dumu la lita 20 kwenye meza ya maabara yetu. "Nimeuziwa alizeti ya Singida, mbona asubuhi inaganda chini?"

Tuliyapima mafuta yake kwa iodini monokloridi. Ni kampaundi ya halojeni mbili zilizoshikana: iodini, ambayo ndiyo madini joto ya kwenye chumvi, na klorini, ile ya kutibu maji. Mkemia Mfaransa, Gay-Lussac, aliitengeneza mwaka 1814. Ina wekundu wa kahawia, na huyeyuka kwenye nyuzi 27 hivi, kwa hiyo kwa hali ya hewa ya Mwanza chupa huamka imeganda, na mchana wa jua kali ikawa maji. Ni kali: huunguza ngozi na kula kizibo cha mpira, ndiyo maana hatumwuzii mtu.

Mafuta mepesi yana nafasi nyingi ambazo kaboni zimeshikana kwa bondi mbili. Iodini peke yake huingia humo kwa kusuasua. Ikivutwa na klorini huingia upesi. Mkemia Mholanzi, Wijs, alionyesha mwaka 1898 namna ya kuitumia ikiwa ndani ya asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki, nasi tunafuata njia hiyo. Mafuta chini ya robo gramu hukaa nayo gizani saa nzima. Kisha tunatafuta iliyobaki: tunatia iodidi ya potasiamu, inayoigeuza kuwa iodini, na wanga kidogo, unaogeuka weusi wa bluu palipo na iodini, halafu thayosalfeti, kemikali inayoimaliza iodini, tone kwa tone hadi weusi huo utoweke. Tone moja likizidi, tunarudia upya.

Namba tunayoisoma ni gramu za iodini zinazoingia kwenye gramu 100 za mafuta. Alizeti ya kawaida husoma 118 hadi 141. Mawese, yenye nafasi chache zaidi, 50 hadi 55. Ya yule mama ilisoma 96.

Hata hivyo hatukumwita muuzaji mwizi. Zipo mbegu za alizeti ambazo kwa asili yake mafuta yake husoma 78 hadi 90, na mafuta ya pamba, 100 hadi 123, yanaweza kujificha ndani ya alizeti. Tulimwomba aulize aina ya mbegu kwanza.

Ukituletea sampuli, anika dumu juani hadi yaliyoganda yayeyuke, likoroge, ndipo uchote. Ukichota ya juu tu utakuwa umeacha mawese chini. Tumia chupa ya kioo iliyokauka kabisa, kwani maji huiharibu iodini monokloridi na namba itakayotoka haitakuwa ya mafuta yako.