Kujadidika kwa nishati hakufundishwi kwa mstari ubaoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu namna vyanzo vya nishati vinavyofundishwa sekondari. Kawaida mwalimu hupiga mstari katikati ya ubao: upande huu vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha: jua, upepo, maji, jotoardhi na kuni; upande ule visivyojadidika: makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na urani (madini ya nyuklia). Wanafunzi wananakili, wanakariri, mada imekwisha. Kwa maoni yetu mstari huo ndio unaowapotosha, maana unawaaminisha kwamba kujadidika, yaani kurudi upya baada ya kutumika, ni sifa ya kitu chenyewe, kama rangi au harufu. Sivyo. Kinachopimwa ni kasi mbili: tunachota kwa kasi gani, na kinachochotwa kinarudi kwa kasi gani.

Tazama jotoardhi. Huko The Geysers, eneo la umeme wa jotoardhi California, Marekani, visima vilitoa mvuke mwingi hadi miaka ya mwisho ya 1980, kisha shinikizo likashuka na umeme ukapungua. Joto la chini halikuzimika. Maji ndiyo yaliyopungua, kwa kuwa mvuke ulitolewa haraka kuliko maji yalivyopenya kurudi mwambani. Ilibidi maji taka yaliyosafishwa yaletwe kwa mabomba na kusukumwa chini. Bomba la kutoka mji wa Santa Rosa lilianza kazi mwaka 2003. Kwenye ubao wetu chanzo hicho kimeandikwa upande wa visivyokwisha, na hapo mwanafunzi hana njia ya kuelewa kilichotokea.

Jambo hili linafundishika kwa kipindi kimoja bila maabara. Kila kundi lipewe mabakuli mawili, kila moja na mbegu kavu 100. Bakuli la kwanza haliongezewi kitu. La pili, kila baada ya kuchota, linaongezewa moja ya kumi ya mbegu zilizobaki ndani, na desimali zinaachwa. Kwanza wachote mbegu 8 kila mzunguko. Bakuli la kwanza halitoshi tena kwenye mzunguko wa 13, na la pili linapanda kidogo kidogo juu ya 100. Kisha waanze upya wakichota 12. La kwanza linashindwa mzunguko wa 9. La pili linakwenda hivi: 96, 92, 88, 83, 78, 72, 66, 59, 51, 42, 33, 23, 12, na mzunguko wa 14 ni sufuri.

Wachore namba hizo kwenye grafu, maana ndani yake ndimo somo lilimo. Mwanzoni bakuli linapungua mbegu 4 tu na hakuna anayeshtuka. Mwishoni linapungua 11 kwa mzunguko mmoja, ingawa mkono unachota zile zile 12. Kinachozaa ni kile kilichobaki, na kilichobaki kimekuwa haba. Msitu wa kuni huisha vivyo hivyo. Zoezi huharibika pale wanafunzi wanapoongeza mbegu 10 kila mara badala ya moja ya kumi ya zilizobaki. Bakuli hupungua 2 tu kila mzunguko, grafu inanyooka kama rula, na fundisho limepotea. Mwalimu apite akague mzunguko wa nne. Mwenye 83 yuko sawa, mwenye 92 arudie.

Maneno nayo yanahitaji uangalifu. Nishati jadidifu, nishati safi na nishati mbadala hutumiwa darasani kana kwamba ni kitu kimoja. Urani haijadidiki, ila kinu chake hakitoi kaboni dioksidi kinapozalisha umeme. Kuni zinaweza kujadidika, lakini moshi wake unaumiza mapafu ya anayepika. Gesi ya mtungi haiachi masizi kwenye sufuria, nayo inatokana na mafuta na gesi asilia. "Mbadala" ni kile kinachoshika nafasi ya kingine, basi. Neno hilo halisemi lolote kuhusu kuisha. Kila chanzo kiulizwe maswali mawili yasiyochanganywa: kinarudi kwa kasi gani, na kinachafua nini.

Penye uwezo wa kununua vifaa, paneli ndogo ya sola ya wati 10 inatosha darasa zima. Kosa tunaloliona sana ni hili: wanafunzi wanapima volti paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, wanapata kama 21, wanapima mkondo kwa kuunganisha multimita (kipima umeme) moja kwa moja kwenye nyaya za paneli, wanapata kama ampea 0.6, wanazidisha na kuandika wati 12.6, zaidi ya wati 10 za kibandiko chenyewe. Namba hizo mbili hazipatikani kwa wakati mmoja. Volti zikiwa juu kabisa mkondo ni sufuri, na mkondo ukiwa juu kabisa volti zimeanguka. Nguvu hupimwa kukiwa na mzigo, yaani kitu kinachotumia umeme huo. Waunganishe rezista (vipande vinavyozuia mkondo) za ohmu 10, 20, 30, 50 na 100 kwa zamu, kila mara wasome volti na mkondo kwa pamoja, kisha wazidishe. Juani kilele cha nguvu kitaangukia karibu na ohmu 30. Rezista ziwe za kuhimili angalau wati 10. Zile ndogo za robo wati zitafuka moshi.

Hata kwenye kilele huenda wakasoma wati 8 na kitu, na wengi watasema paneli ni mbovu. Namba ya kibandiko hupimwa seli, vile vipande vinavyounda paneli, zikiwa na joto la nyuzi 25. Kwenye jua kali seli huweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja ya ziada hula karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Kisha mwanafunzi afunike seli moja tu kwa kiganja. Usomaji utaporomoka kupita alivyotarajia, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo na ile iliyofunikwa inazibana nyingine zote.

Na multimita ilindwe. Waya mwekundu ukisahauliwa kwenye tundu la ampea, kisha mtu akaenda kupima volti za betri, amepiga shoti. Fyuzi ikiungua ni bahati nzuri, maana kwenye multimita nyingi za bei nafuu tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa.

Tusiwafiche pia kwa nini mafuta ni magumu kuachwa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, ingawa jenereta ndogo hutoa umeme wa kama robo tu ya hiyo. Tani moja ya maji iliyoinuliwa mita 10 inahifadhi kilowati-saa 0.027. Ili kulingana na lita ile, ziinuliwe tani 367. Mwanafunzi aliyekokotoa mwenyewe anaelewa kwa nini mabwawa ni makubwa hivyo, na kwa nini watu wanahangaikia betri.

Yote haya hayatadumu ikiwa mtihani unaendelea kuuliza "taja vyanzo vitano". Tunapendekeza swali la aina hii: msitu una tani 500 za miti, unakua asilimia 5 kwa mwaka, na zinakatwa tani 40 kila mwaka. Je, kuni hizo ni jadidifu? Onyesha kwa hesabu, kisha utaje kiasi kinachoweza kukatwa bila msitu kupungua. Jibu ni tani 25. Anayeandika "ndiyo, kwa sababu kuni ni nishati jadidifu" asipewe alama.

Ni sisi walimu wa fizikia na jiografia, sekondari.