Kaka, PostfixAdmin haipeleki barua

Kaka mambo, za huko. Meseji yako nimeipata na nimefurahi kweli SACCOS yenu imeamua kuwa na email zake yenyewe, maana hii ya mhasibu, katibu na meneja kujibu wanachama kila mtu kwa Gmail yake binafsi haifai, mtu akiacha kazi anaondoka na mawasiliano yote ya ofisi. Umesema Postfix (inayopokea na kupeleka barua) na Dovecot (inayowapa watu barua zao wasome) tayari ziko kwenye seva na sasa unataka kitu cha kuongezea na kutolea watu kwa brauza. Basi weka PostfixAdmin, ila ngoja nikueleze vizuri inavyofanya kazi, ukishaelewa hilo mengine yote mepesi.

PostfixAdmin haipeleki barua wala haipokei. Ni kurasa za PHP zinazoandika kwenye databesi, basi. Yenyewe ndo inajaza daftari la getini, halafu Postfix na Dovecot ndo walinzi wanaolisoma. Ukiongeza mtu unaingia mstari mpya kwenye jedwali la mailbox, na mwingine kwenye jedwali la alias, yaani la kuelekeza anwani moja kwenye nyingine, unaoelekeza anwani ya huyo mtu kwake mwenyewe, na huo wa pili usije ukaufuta ukaona umejirudia, ndo unaozuia barua zake zisimezwe siku ukiweka catch-all, yaani sanduku moja linalopokea barua za anwani yoyote ya domeni. Barua ikigonga, Postfix inaenda kuuliza MariaDB, ndo hiyo databesi, huyu yupo? Mtu akitaka kusoma, Dovecot nayo inauliza hapohapo paswedi yake ni ipi. Kwa hiyo usishangae kuona kwenye brauza kila kitu kimekubali huku hakuna barua hata moja inayoingia, hapo tatizo haliko kwenye PostfixAdmin kabisa, liko kwa wanaolisoma daftari.

Kuiweka sasa. Shusha faili, lifungue kwenye /srv/postfixadmin, na Apache au Nginx, yaani programu inayotoa kurasa za wavuti, uionyeshe ile folda ya public peke yake, sio folda nzima, maana nje ya public ndo kuna faili lenye paswedi ya databesi. Tengeneza folda ya templates_c na uimilikishe www-data, ambaye ndo mtumiaji wa hiyo programu ya wavuti. Mipangilio yako yote andika kwenye config.local.php, lile config.inc.php liache kama lilivyo ili siku ukipandisha toleo usipoteze kitu. Kwenye databesi tengeneza watumiaji wawili tofauti, mmoja wa PostfixAdmin anayeweza kuandika, mwingine wa Postfix na Dovecot wa kusoma tu, yaani ruhusa ya SELECT peke yake. Wengi wanaona hii ni kazi ya bure lakini mi naona ndo hatua yenye maana kuliko zote, seva inayoongea na dunia nzima kwenye poti 25, mlango ambao seva za barua zinapitishiana barua, haina sababu ya kuweza kubadilisha paswedi za watu.

Ukimaliza hapo fungua setup.php, itakutengenezea hashi, yaani paswedi yako ikiwa imefichwa, unaibandika kwenye config.local.php, unarudi unaingia na kumtengeneza admin mkuu. Jina lake lazima liwe anwani kamili ya barua pepe, na kwa kawaida inakagua kama hiyo domeni inaonekana kwenye DNS, ile orodha ya majina ya mtandao, kwa hiyo kama bado hamjaielekeza itakukatalia na wala haujakosea kitu. Halafu angalia $CONF['encrypt'], inayosema paswedi za watu zifichwe kwa njia gani, matoleo mengi ya nyuma yalikuja na md5crypt ambayo imechoka siku nyingi, weka php_crypt:SHA512 na kwa Dovecot uandike SHA512-CRYPT, zisipoelewana hapo hakuna atakayeingia. Na kama seva yenu ni Debian 13 ujue imekuja na Dovecot 2.4, mpangilio wa faili zake umebadilika sana, maelekezo ya 2.3 uliyonayo hayatakubali.

Kabla hujafungua Thunderbird wala simu, jaribu kila kiungo peke yake. Endesha postmap -q na jina la domeni yenu kwenye lile faili la mysql la domeni, linaloieleza Postfix jinsi ya kuuliza databesi, inatakiwa ikurudishie jina lilelile, ikikaa kimya basi domeni haijapatikana kwenye databesi, ikilalamika haijui mysql angalia kama umeweka postfix-mysql. Rudia kwa anwani ya mhasibu kwenye faili la mailbox, ikuletee njia ya folda yake. Kisha doveadm auth test kwa upande wa paswedi. Hizo zikijibu, kinachobaki kidogo sana. Moja nyingine, kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, domeni yenu isiwepo kwenye mydestination (domeni za watumiaji wa Linux wa seva) na hapohapo kwenye virtual_mailbox_domains (domeni za databesi), Postfix italalamika kwenye logi na barua zitaenda kutafuta watumiaji wa Linux ambao hawapo.

Sasa kitu ninachoipendea hii programu. Ina admin mkuu na ina admin wa domeni. Admin mkuu baki nao wewe, yule katibu mpe admin wa domeni yenu tu, ataongeza mfanyakazi mpya, atabadilisha paswedi ya aliyesahau, atageuza info@ iende kwa nani, bila SSH, yaani bila kuingia ndani ya seva kwa amri, na bila kukupigia simu saa tatu usiku. Mali ni ya chama, waiendeshe wenyewe. Mwambie tu kwamba akimfuta mtu pale anafuta jina, barua zenyewe zinabaki kwenye diski ya seva mpaka wewe uzitoe, na kwa ofisi ya pesa mi nisingeharakisha kuzitoa.

HTTPS usiiruke, cheti cha Let's Encrypt ni bure ila kinaisha baada ya siku 90 kwa hiyo acha programu ya certbot ikihuishe yenyewe. SPF, DKIM, DMARC na PTR, zile rekodi za DNS za kuthibitisha barua ni zenu kweli, unazijua, bila hizo Gmail itawatupa spam. Waulize pia wenye VPS, yaani wanaowakodishia seva, kama poti 25 ya kutoka iko wazi, wengi wanaifunga kwa akaunti mpya.

Ukikwama nitumie main.cf na mistari ya mwisho ya mail.log, paswedi toa kwanza. Jioni huwa niko hewani. Msalimie shemeji na watoto.