Mdogo wangu, yule kocha hakujua Kiswahili

Mdogo wangu,

Nimesikia ulichosema kwenye harusi ya dada. "Kaka ndiye aliyenichagulia chuo." Tena mbele ya wakwe. Sawa. Simu zangu hupokei, basi soma.

Ile jioni ya Desemba 2022 unaikumbuka. Yule kocha wa futiboli ya Kimarekani, aliyekuja kukusajili kwa timu ya chuo chake, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi imetoboka kidoleni, akala pilau ya mama kwa mkono mpaka kachumbari ikamchuruzika kwenye kiwiko. Akakuahidi utacheza tangu mwaka wa kwanza. Nami nikasema kwa Kiswahili, yeye amekaa palepale: "Timu iliyofungwa mechi tisa itakufundisha nini, kulia?" Ukacheka. Naye alipoona unacheka, akacheka. Mama hakucheka. Alimwongezea nyama.

Lakini ungekuwa wewe ndiye mkubwa, ungesemaje? Anayesajili ni ushindi, kocha anabeba fomu tu. Chuo cha Alabama chini ya kocha Nick Saban kilitwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara 6, na kila mwaka vijana wa nyota tano, wale wenye vipaji vya juu kabisa, walipanga foleni kuingia. Foleni! Hapo ndipo sikufikiri. Na tangu 2021, mchezaji aliporuhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima, washindi hawangoji mtoto akomae, wanachukua mtu mzima kutoka chuo kingine. Ukaenda kwa washindi, ukasugua benchi misimu miwili. Ningejuaje?

Saban alipostaafu Januari 2024, mchezaji wake Caleb Downs alihamia chuo cha Ohio State, na msimu uliofuata akawa bingwa. Sijasikia akimtaja kaka yake. Wewe dirisha la uhamisho lilipofunguka ulinipigia saa nane usiku, unanong'ona ili mwenzako wa chumbani asisikie. Nikakwambia vumilia. Ndiyo, hilo nalo nilisema mimi.

Chuo cha Indiana walifungwa mechi 9 kati ya 12 mwaka 2023. Akaja kocha Curt Cignetti na wachezaji 13 kutoka chuo alichotoka, James Madison, mwaka uliofuata wakashinda 11, na Januari 2026 wakachukua ubingwa. Fainali ile niliitazama peke yangu, sauti nimezima. Asinidanganye mtu kwamba aliliona hilo likija.

Juzi mama kaniuliza kama yule mzungu wa soksi bado anafundisha. Nikamwambia sijui. Najua. Msimu huu kafungwa saba, matokeo yake nayatafuta kila Jumamosi.