Kaka wa bajaji Nane Nane, asante sana

Jamani jina lake sijui na namba sikuchukua, ila kama kuna mtu anamjua yule kaka wa bajaji stendi ya Nane Nane naomba amfikishie shukrani zangu. Mi nasoma jiolojia na sayansi ya bahari kwa pamoja, home Dodoma wananicheka eti bahari gani huku kwenye vumbi na zabibu. Juzi nimerudi likizo nikasahau begi kwenye bajaji yake, ndani kuna daftari la fildi la wiki mbili, mawe ya matumbawe ya pwani na kipande cha graniti ya hapahapa kwetu, ile ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwingine angemwaga mtaroni! Yeye kazunguka mtaa mzima anauliza "binti mwenye begi la mawe", kanipata saa mbili usiku, hela kakataa, akataka tu kujua lile lenye vishimo ni nini. Nikamwambia mifupa ya vidudu vya baharini, akaligeuzageuza kwenye taa ya bajaji, akasema we dada unanidanganya.

Kaka, lile si nilikuachia? Likwaruze kidogo ulikamulie ndimu, uone litakavyotoa povu.