Barua kwa mwanangu aliyeingia biashara ya mtandao

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya wewe na wenzako mmepiga suti kwenye semina nimeiona. Sikuandikii kukukataza hiyo biashara ya mtandao, ya kuuza bidhaa za kampuni na kuingiza watu chini yako, wewe ni mtu mzima na hela ni yako. Ila umesema mwezi huu ukiisha utamwandikisha shangazi yako na wale wasichana wawili wa saluni, na hapo ndipo penye maneno.

Kuuza bidhaa ni kazi halali. Ukimuuzia mtu sabuni akakupa hela, mmemalizana. Kuandikisha ni jambo jingine, maana unamtwisha mtu gharama ambazo wewe utalipwa kwazo hata yeye asipopata kitu. Kwa hiyo usimwingize mtu yeyote mpaka daftari lako lionyeshe kwamba bidhaa inanunuliwa na watu wasio wanachama, kwa bei hiyohiyo, angalau miezi mitatu mfululizo.

Nasema daftari kwa sababu ile programu ya kampuni kwenye simu haitakuambia. Chora safu: tarehe, mnunuzi, ni mwanachama au si mwanachama, alilipa ngapi, na wewe ulitumia ngapi. Tuseme boksi la chai unalichukua kwa 28,000 na kuliuza 40,000. Ili uhesabiwe uko hai mwezi huo na ulipwe kamisheni, unatakiwa kuvuta maboksi 15, yaani 420,000. Umeuza 10, zimeingia 400,000. Nauli na bando 45,000, kiingilio cha semina 20,000. Zimetoka 485,000. Umepungukiwa 85,000, na maboksi matano yako chini ya kitanda yakisubiri tarehe ya kuisha muda. Lakini kwenye kompyuta ya kampuni umefanya 15, na apulaini wako, yule aliyekuandikisha, amepata chake kwa 15. Ndiyo maana atakupigia simu tarehe 28 akikuhimiza ukamilishe pointi, hata kwa kukopa. Kwake boksi lililo chini ya kitanda na boksi lililonywewa ni kitu kimoja.

Jambo hili lilishapimwa na sheria zamani. Mwaka 1975, katika shauri la kampuni ya vipodozi ya Koscot, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliweka kipimo ambacho bado kinatumika: ukilipa ili upate haki ya kuuza pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, na malipo hayo hayatokani na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho, hiyo ni piramidi, yaani mchezo wa waliotangulia kulipwa kwa hela za wanaoingia. Mwaka 1979 kampuni ya Amway haikuhesabiwa piramidi, na sababu kubwa ni masharti iliyokuwa nayo: muuzaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja 10 wa rejareja kila mwezi, na anayeacha arudishiwe hela ya bidhaa zake. Masharti ya namna hiyo yana maana yakisimamiwa tu. Kampuni ya virutubisho ya Herbalife ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 200 na kubadili namna inavyowalipa watu wake, ili malipo yafuate mauzo yanayothibitika. Hapa kwetu DECI, ule mchezo wa upatu, haikuhangaika hata na bidhaa. Watu walitoa hela, wakiita kupanda mbegu, wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2009.

Ile hesabu wanayowachorea ubaoni kwenye semina, kwamba kila mtu alete sita tu, ifuate mpaka mwisho, maana wao huishia ngazi ya nne. Sita wanaleta 36, hao 216, kisha 1,296. Endelea. Ngazi ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na vichanga. Walio ngazi ya mwisho ndio wengi siku zote, na hao hawana wa kumwingiza. Basi kabla ya kumwandikisha mtu jiulize: huyu akiuza tu, asilete mtu hata mmoja, atapata faida? Daftari lako ndilo litakalokujibu.

Ukifika wakati wa kumwalika mtu, ujumbe wa kwanza kabisa utaje jina la kampuni, useme ni biashara ya mtandao, useme kuna hela ya kuanzia na ni kiasi gani. Usiandike "kuna nafasi za kazi ofisini kwetu". Vijana wanakuja na bahasha ya kaki, vyeti vimetolewa kopi, shati limepigwa pasi, wanajikuta wamekaa kwenye viti vya plastiki wakipigishwa makofi. Hiyo ni hila, hata kama baadaye watajiunga kwa hiari. Wala usiwaonyeshe ujumbe wa M-Pesa wa mtu aliyepokea milioni tatu. Hiyo ni hela iliyoingia, haisemi zilizotoka. Waonyeshe ukurasa wako wa daftari, na huo mwezi wa hasara uwemo. Kisha mpe mtu wiki nzima aende akafikiri. Anayeambiwa nafasi zinafungwa Ijumaa anazuiwa asimuulize mumewe au kaka yake.

Wapo ambao hupaswi kuwagusa kabisa: dada wa kazi, mtu uliye bosi wake, mwanafunzi wako, anayeuguza, na yeyote atakayetoa hela ya ada au mkopo wa VICOBA. Wasichana wa saluni wanamtegemea mwenye saluni, na mwenye saluni ni rafiki yako. Watakataaje?

Kuhusu virutubisho nitakaza zaidi, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa. Ukiulizwa kama chai inatibu kisukari, presha au uvimbe kwenye kizazi, jibu ni "haitibu". Usizunguke na "imesaidia wengi". Soma lebo, sema kilichoandikwa, basi. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa zake kwa wiki chache kwa sababu anajisikia mwepesi, sukari inapanda kimyakimya mpaka anapelekwa hospitali hajitambui. Na kama bidhaa ina ule utomvu wa njano wa mshubiri (aloe vera), huo unasababisha kuharisha na kupunguza potasiamu mwilini, na kwa anayemeza vidonge vya kukojoza maji au dawa ya moyo ya digoxin, hilo ni hatari. Mteja akikupigia kwamba anaharisha, apulaini atakufundisha kusema "ni sumu zinatoka". Usiseme. Mwambie aache, abebe boksi, amwone daktari au mfamasia.

La mwisho ni mlango wa kutokea. Kanuni za shirikisho la dunia la vyama vya uuzaji wa moja kwa moja, WFDSA, zinataka kampuni mwanachama imrudishie anayejitoa hela ya bidhaa zinazouzika alizonunua ndani ya miezi 12, ikikata si zaidi ya asilimia 10. Uliza kampuni yako imeandika nini, na nani analipa usafiri wa kurudisha. Maboksi usiyafungue kwa ajili ya picha, likifunguliwa halirudi. Risiti zipige picha siku hiyohiyo, maana wino wake unafutika. Na mtu wako akitaka kutoka, msaidie kujaza fomu, ingawa kamisheni uliyolipwa kwa mzigo wake itakatwa. Usimwambie hana moyo wa kibiashara.

Shangazi yako usimwandikishe kwa sasa. Muuzie boksi moja kwa bei ya kila mtu, kisha mwezi ujao usimkumbushe, uone kama atauliza lingine. Na nitumie picha ya ukurasa wa mkataba unaohusu kurudisha bidhaa, nausubiri kabla hujavuta mzigo wa mwezi huu.

Mama yako