Malalamiko kuhusu rili ya breki ya sumaku na waranti mliyoikataa

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Uvuvi,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: RILI MBOVU NA JIBU LENU KUHUSU WARANTI

Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Nyuzi, ndoana na rili (kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye ufito) nanunua kwenu, zangu na za vijana tunaovua nao sangara kwa ufito kwenye mawe ya Capri Point. Rili mpya ya breki ya sumaku mliyoniuzia ni mbovu tangu ilipotoka kwenye boksi, na mmekataa kuibadilisha.

Mmenijibu kwamba sijui kuiseti, na kwamba kutu ya maji ya chumvi haimo kwenye waranti. Hili la pili limeniumiza zaidi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Rili hii haijawahi kufika baharini, na ndani haina hata doa la kutu. Aliyeandika jibu hilo hakuifungua.

Kuhusu kuseti, nieleze nilichofanya. Rili za aina hii, spuli yenyewe, ile ngoma inayoviringishiwa uzi, ndiyo inayozunguka unaporusha. Chambo kikipungua mwendo hewani huku spuli ikiendelea na kasi yake, uzi unafumuka na kujifunga mafundo. Breki ipo kwa ajili hiyo, na huku kwetu ina kazi kubwa, maana mchana upepo unatoka ziwani na kukupiga usoni. Basi nikailinganisha na ile ya zamani, nayo ya kwenu, ambayo breki zake ni vile vipande vidogo vinavyosukumwa nje spuli inapozunguka. Ufito uleule, uzi uleule, chambo cha bandia cha gramu 20. Zote mbili nilikaza kitufe cha spuli mpaka chambo kikawa kinashuka polepole, na kikigusa chini spuli inasimama.

Ile ya zamani, tena ya bei ya chini, inarusha mbali na uzi unatoka vizuri hata upepo ukizidi. Mpya inavuruga uzi breki ikiwa kwenye 3, na inavuruga vilevile ikiwa kwenye 10. Ndipo nikafungua kifuniko cha pembeni pamoja na fundi. Kitufe cha nje kinazunguka na namba zinapita, lakini kile kibao kilichobeba sumaku kimekwama palepale. Sumaku lazima zisogee karibu na spuli ndipo ipunguze mwendo. Zisiposogea, hiyo rili haina breki ya kurekebisha. Mzoefu atajitahidi kuibana spuli kwa kidole gumba, ila boksi lenu linasema hata anayeanza ataimudu.

Kuna na la mkono wa rili, ule wa kukunjia uzi. Beringi inayouzuia kurudi nyuma inateleza. Sangara akivuta kwa nguvu, mkono unazunguka kinyume. Kijana mmoja uligonga vidole vyake akaachia, samaki akaondoka na chambo. Gia sina neno nazo, ni imara.

Naomba mniletee rili ya aina ile ya zamani na mnirudishie tofauti ya bei. Pia mfungue zilizobaki dukani mzikague kabla ya kuziuza, kwa sababu wanaozinunua ni vijana wanaodunduliza hela kidogo kidogo. Na lile jibu la maji ya chumvi mlifute kwa maandishi.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa sababu maelezo ya kwenye boksi yanampotosha mnunuzi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za kibao cha sumaku na barua yenu. Rili ninayo, njooni muikague wakati wowote, fundi naye yupo tayari kueleza alichokiona.

Wenu,
Mteja, Kirumba, Mwanza